Vita Vilivyovuka Chaguzi Tatu

Ami yangu ana duka dogo mtaa wa Langoni, hapa Amu, yaani Lamu mjini, na juu ya rafu ya unga na majani ya chai ametundika fremu ya mbao yenye picha ya Rais. Mwanzoni mwa Novemba 2022 nilimkuta amepanda juu ya kreti ya soda akiishusha. Aliilaza kifudifudi kwenye kaunta, akang'oa vimisumari kwa ncha ya kisu, akatoa kadibodi ya mgongoni. Nilidhani atamtoa Uhuru Kenyatta amtie William Ruto. Kumbe ndani mna bunda zima: Uhuru, nyuma yake Kibaki, na nyuma ya Kibaki yumo Moi, karatasi imeshageuka rangi ya chai. Akailaza picha mpya kwenye kioo, akawarudisha wale watatu kwa mpango ule ule, akagongea vimisumari vyake.

"Mbona huwatoi, ami?"

"Nikiwatoa kioo kitacheza," akasema. "Hawa ndio wanaokaza."

Wiki hiyo hiyo, tarehe 2 Novemba, Ruto alikabidhi bendera kwa wanajeshi wa KDF, jeshi letu la Kenya, waliokuwa wakienda mashariki ya Kongo. Safari ile ilikuwa imepangwa na Uhuru. Ni Uhuru aliyewaita viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Nairobi mwezi wa Aprili mwaka ule, wakakubaliana kuunda kikosi cha pamoja. Sote tunakumbuka miezi iliyofuata ilikuwaje. Uhuru alimuunga mkono Raila Odinga, akazunguka nchi akiwaambia watu wasimchague naibu wake mwenyewe, na naibu naye hakubaki kimya. Mtu aliyesikiliza maneno ya mikutano ile angeapa kwamba hakuna karatasi ya Uhuru itakayobaki mezani. Lakini siku ya kuapishwa kwake, 13 Septemba, Ruto alisimama Kasarani akatangaza kwamba amemwomba mtangulizi wake aendelee na mazungumzo ya amani ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Na wiki saba baadaye wanajeshi wakaondoka.

Tangu siku ile ya fremu nimekuwa nikiliwaza jambo hili: jinsi vita na mikataba ya Rais mmoja inavyorithiwa na anayemfuata. Sisi tunaokaa karibu na mpaka wa Somalia tuna haki ya kuliwaza kuliko wengi. Nairobi, uchaguzi ukipita, watu huuliza nani kapata wizara gani. Huku Amu tunauliza kama boti zitaruhusiwa kutoka.

Nianze na 2011, maana hapo ndipo uzi ulipoanzia. Septemba mwaka ule watu wenye silaha waliingia hoteli moja huko Kiwayu usiku, wakamuua Mwingereza na kumchukua mkewe. Tarehe 1 Oktoba wakaja karibu zaidi. Walimchukua mama mmoja wa Kifaransa, mgonjwa wa kiti cha magurudumu, nyumbani kwake kisiwani Manda, ng'ambo ya mkondo, mahali ambapo ukisimama pwani ya Shela unapaona kwa macho. Alifia mikononi mwao. Siku chache baadaye, wanawake wawili wa Kihispania waliokuwa wakifanya kazi na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walitekwa kambini Dadaab. Oktoba 16 wanajeshi wetu wakavuka mpaka wa Somalia kuwafuata Al-Shabaab. Operesheni ikaitwa Linda Nchi.

Rais alikuwa Mwai Kibaki, Waziri Mkuu Raila, na waziri wa ulinzi Yusuf Haji. Serikali haikutangaza vita kwa njia ya Bunge. Ilishika ile haki ya kujilinda iliyomo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na Bunge likaja kuidhinisha mwezi wa Desemba kwamba wanajeshi wale waingizwe katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapandisha idadi ya kikosi kutoka 12,000 hadi 17,731, na Wakenya wakapata nafasi ndani yake. Mwisho wa Septemba wakaiteka Kismayu, wengine wakishuka kutoka baharini.

Nami nakiri kwamba nilifurahi. Hapa Amu wengi tulifurahi. Nyumba za wageni zilikuwa zimefungwa, manahodha wa mashua za kutembeza watalii walikuwa wamekaa barazani mchana kutwa, na tuliona kwamba kuna mtu hatimaye amesimama. Sina haja ya kulikana hilo leo kwa sababu mambo yalikuja kuwa marefu.

Machi 2013 tukapiga kura. Uhuru na Ruto walikuwa na mashtaka kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, na mwanadiplomasia wa Marekani Johnnie Carson alikuwa ametuonya mwezi mmoja kabla kwamba maamuzi huwa na matokeo yake. Mabalozi wa Ulaya walisema wakishinda hao, watakutana nao kwa mambo ya lazima tu. Barazani petu mabishano yalikuwa makali. Wapo walioapa kwamba Kenya itawapa Wazungu kisogo na jeshi litarudi nyumbani kabla ya Ramadhani. Uhuru aliapishwa tarehe 9 Aprili. Tarehe 7 Mei, hata mwezi haujatimia, alikuwa London kwenye mkutano wa Somalia, amekaa meza moja na David Cameron.

Nililitazama lile kwenye televisheni ya mkahawani na nikajifunza kitu ambacho hakuna mwalimu wa siasa aliyenifunza. Wanajeshi waliopelekwa Kismayu na Kibaki walikuwa wamemfungulia Uhuru mlango ambao mashtaka yake yalikuwa yameufunga. Uingereza haikuweza kuzungumza habari za Somalia bila nchi yenye askari ndani ya Somalia. Na Uhuru, hata kama angetaka kuwarudisha, angekuwa anajivua joho lililomfanya akaribishwe. Ndiyo maana nasema mwendelezo wa sera za nje na ulinzi mara nyingi hauji kwa sababu Rais mpya anakubaliana na wa zamani. Anarithi vitu ambavyo vimeshaanza kumbeba.

Vitu vyenyewe ni vya kawaida ukivitazama kimoja kimoja. Kuna watu. Jenerali Julius Karangi alishika ukuu wa majeshi Julai 2011, akapanga uvukaji wa mpaka chini ya Kibaki, akaendelea chini ya Uhuru hadi 2015. Akafuata Samson Mwathethe, mwanamaji wa kwetu Pwani, ambaye muhula wake uliuvuka uchaguzi wa 2017. Akafuata Robert Kibochi, aliyemtumikia Uhuru kisha Ruto hadi Aprili 2023. Katika chaguzi zote tatu, asubuhi Amiri Jeshi Mkuu alipokwenda kupokea taarifa yake, aliyemletea taarifa alikuwa yule yule wa jana. Kuna fedha pia. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukilipia kila askari wa AMISOM dola 1,028 kwa mwezi, na Januari 2016 ulipopunguza asilimia 20 ya fedha hizo, kelele zilisikika kutoka kila mji mkuu uliopeleka askari. Na kuna Katiba, ambayo tangu 2010 inasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Sahihi ya serikali moja inaifunga ijayo.

Na kuna hofu. Hii ndiyo naiona kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Bendera ya Somalia ina nyota ya ncha tano, na ncha moja ilikusudiwa kuwa kaskazini mashariki ya Kenya. Nchi yetu ilizaliwa na vita vya Shifta, waliotaka eneo hilo liungane na Somalia, mlangoni. Wakati wa uhuru Jomo Kenyatta alifanya mkataba wa ulinzi na Haile Selassie wa Ethiopia kwa ajili ya hofu hiyo moja. Mfalme akapinduliwa 1974, Addis Ababa ikawa ya Wakomunisti, nasi tukabaki upande wa Magharibi. Kwa hesabu ya siasa za enzi ile mkataba ungekufa. Lakini 1979 Moi, ambaye hata mwaka hajaumaliza Ikulu, alitia saini upya na Mengistu. Mfalme na mkomunisti, Kenyatta na Moi, hofu ikawa moja. Nikisikia watu wakisema Kenya ilijiingiza Somalia kwa ghafla 2011, nawakumbusha mkataba huu. Kile tulichokuwa tukikitafuta Jubaland, kusini mwa Somalia, yaani ardhi ya kirafiki kati yetu na vita, mababu zetu walikuwa wakikitafuta kwa njia nyingine.

Basi, mpaka hapo naelewa. Nchi haiwezi kuwa kama chombo kinachobadilisha tanga kila nahodha akipiga chafya. Jirani yako akijua kwamba neno lako linaisha na muhula wako, hatakuamini hata siku moja. Askari aliye mtaroni Dhobley, ndani ya Somalia, hawezi kulala akisubiri matokeo ya kura. Mimi nautetea mwendelezo, na nautetea kwa moyo wote.

Lakini mwendelezo una ndugu anayefanana naye sura, naye ni mazoea. Huyo wa pili ndiye aliyetukalia huku kwetu.

Chukua operesheni ya msitu wa Boni. Baada ya mauaji ya Mpeketoni Juni 2014, na baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa kuuawa Aprili 2015, watu 148 siku moja, serikali ilianzisha Linda Boni mwezi wa Septemba. Tuliambiwa ni siku 90. Nakumbuka siku 90 kwa sababu tulizihesabu: zingeishia Desemba. Desemba ikaja, ikapita. Uchaguzi wa 2017 ukapita. Operesheni ikabadilishwa jina, ikawa Amani Boni. Uchaguzi wa 2022 ukapita. Vijiji vya Waboni kama Basuba, Mangai, Milimani na Kiangwe shule zao zilifungwa tangu 2014, na kwa miaka watoto wao walilazimika kusafirishwa hadi Mokowe wakasome bweni kwenye shule ya watu wengine. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka ule sasa ni mtu mzima. Sisemi wanajeshi waondoke msituni. Mabomu ya kutegwa ardhini yapo, na askari wamekufa kwenye njia zile. Ninachosema ni kwamba kati ya siku ya 90 na leo hakuna aliyekuja kutuambia: siku 90 hazikutosha, sababu ni hizi, sasa tunahitaji muda huu. Iliendelea tu kwa sababu jana ilikuwapo.

Na uvuvi wa usiku. Baada ya utekaji ule ilitolewa amri kwamba boti zisitoke gizani. Mtu wa bara aweza kuona ni jambo dogo. Jarife hutegwa magharibi na kuinuliwa alfajiri; samaki wakubwa huja na giza, na wakati wa bamvua usiku ndio wenye riziki. Ukimwambia mvuvi avue mchana tu, umemwambia ale nusu. Ami yangu alikuwa na jarife mbili na mashua aliyoirithi. Usiku mmoja alichelewa kwa sababu upepo ulimkatika, akakutwa na doria nje ya Manda saa mbili usiku. Hakupigwa, nashukuru, lakini aliketishwa mchangani hadi kulipopambazuka, na jarife moja alilokuwa ameliacha kwenye maji hakulikuta tena. La pili aliliuza 2013, akafungua duka. Fremu ya babu akaitundika hapo. Ile amri ya usiku iliendelea miaka na miaka, ikauvuka muhula wa Kibaki, ikauvuka wa kwanza wa Uhuru, na ilipokuja kulegezwa ami alikuwa hana tena chombo.

Nilipokuwa nikiandika haya nilimuuliza kama aliwahi kuona mgombea yeyote akija Langoni kuomba kura na kulizungumza jambo la Somalia. Alifikiri sana. Akasema walizungumza hati za ardhi, bandari, barabara ya Garsen na maji. Somalia, la.

Si kwamba halikutajwa kabisa katika nchi. Julai 2014, kwenye mkutano wa Saba Saba, marehemu Raila na wenzake walitaka wanajeshi warudishwe, na akalirudia akiwania 2017. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa sikukubaliana naye, maana alikuwa Waziri Mkuu wa serikali iliyowapeleka na alikuwa na ujasiri wa kubadili shauri lake hadharani. Lakini jambo lenyewe lilipita kama mvua ya vuli. Aliyetaka warudi aliitwa mwoga, aliyetaka wabaki aliitwa kibaraka, na hapo mjadala ukafa. Na tuliingia katika uchaguzi wa 2017 miezi sita tu baada ya kambi yetu ya Kulbiyow, huko Somalia, kushambuliwa, na mwaka mmoja na nusu baada ya ile ya El Adde kuvamiwa na askari wetu wengi kuuawa.

El Adde, 15 Januari 2016. Wanajeshi wengi walikuwa wa kambi ya Eldoret. Maombolezo yalifanyika Eldoret mwisho wa mwezi ule, Rais wetu akiwa na wa Somalia na wa Nigeria. Lakini idadi kamili ya waliokufa serikali haikuitangaza, na Rais aliyefuata naye hakuitangaza. Hilo nalo ni mwendelezo. Nimeshaona familia moja ya hapa karibu ikipokea kijana wao katika sanduku, bendera juu, na nikasikia mama yake akiuliza jambo moja tu: alikuwa na wenzake wangapi? Alitaka kujua kama mwanawe alikufa peke yake. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumjibu.

Nimesikia watu wakisema mambo haya ni ya siri, na raia hana budi kuwaachia wajuao. Katiba yetu haisemi hivyo. Ibara ya 240 inaliruhusu Baraza la Usalama wa Taifa kupeleka majeshi nje ya Kenya, au kukubali majeshi ya kigeni yawe ndani ya Kenya, kwa idhini ya Bunge. Kwa idhini ya Bunge. Walioiandika walijua kwamba mikoba ya usalama ikishaachiwa watu wachache, haitafunguliwa tena.

Na haya majeshi ya kigeni nayo tunayo hapa. Kwenye ghuba ya Manda, karibu na kambi ya wanamaji wetu, wapo Wamarekani. Mlango wenyewe ulifunguliwa na Moi mwaka 1980 alipokubali meli na ndege zao zitumie bandari na viwanja vyetu. Kibaki aliurithi, Uhuru aliurithi. Januari 5, 2020 kabla ya jua kuchomoza Al-Shabaab walishambulia pale, Wamarekani watatu wakauawa na ndege zikachomwa. Moshi wake tuliuona kutoka gatini. Septemba 2023 waziri wa ulinzi wa wakati ule, Aden Duale, alitia saini na mwenzake wa Marekani, Lloyd Austin, mkataba mwingine wa miaka mitano. Hesabu miaka mitano: utauvuka uchaguzi wa 2027. Atakayeapishwa mwaka ule ataukuta mezani.

Ipo mara moja tu niliyoona mtu akijaribu kukata uzi kwa siku moja, nayo ilikuwa 14 Septemba 2022. Ruto alikuwa amelala Ikulu usiku mmoja. Akakutana na waziri wa mambo ya nje wa Morocco, kisha kwenye Twitter ikaandikwa kwamba Kenya inafuta utambuzi wake wa Jamhuri ya Sahrawi, inayodai Sahara Magharibi ambayo Morocco inasema ni yake. Rais wa Sahrawi mwenyewe, Brahim Ghali, alikuwa Nairobi. Alikuwa amekuja kwenye sherehe ya kuapishwa. Maneno yale yakaondolewa baada ya muda mfupi. Siku mbili baadaye Katibu wa wizara, Macharia Kamau, akawaandikia mabalozi kuwathibitishia kwamba msimamo wa Kenya ni ule ule, na kwamba Kenya haiendeshi mambo yake ya nje kwenye mitandao ya kijamii.

Wengi walicheka. Mimi niliona jambo la maana sana: wizara ilimshika Rais mkono. Si kwa uasi. Kwa kumbukumbu tu: kwamba Sahrawi tuliitambua enzi za Kibaki, kwamba msimamo wa Umoja wa Afrika ni huu, kwamba mgeni wetu yuko hotelini. Hiyo ndiyo kazi ya watumishi wa umma ambao kura haiwagusi. Lakini ujue na mwisho wake. Mei 2025 Musalia Mudavadi, waziri wa mambo ya nje wakati ule, alikwenda Rabat, na Kenya ikatangaza kwamba mpango wa Morocco wa kuipa Sahara utawala wa ndani ndio njia ya kuaminika. Kwa hiyo sera ikabadilika hata hivyo, taratibu, kwa mlango rasmi. Na mara zote mbili, ilipokataa kubadilika na ilipobadilika, mimi mpiga kura nilipata habari pamoja na wewe, jambo likiwa limekwisha.

Bahari yetu nayo ilikwenda hivyo. Mwaka 2009 Moses Wetang'ula, wakati ule waziri wa mambo ya nje, alitia saini hati ya makubaliano na Somalia kuhusu sakafu ya bahari. Somalia ilipotushtaki 2014, Uhuru akiwa Ikulu, mawakili wetu waliishika hati ile ya enzi za Kibaki kama ngao. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema 2017 kwamba ni mkataba halali lakini hauzuii kesi. Kenya baadaye ikasusia vikao. Oktoba 12, 2021 mstari ukachorwa, na sehemu kubwa ya ile pembetatu ya bahari iliyogombaniwa, ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000 ikaenda Somalia. Uhuru akaikataa hukumu. Ikulu ikapata mwenyeji mpya, kukataa kukabaki. Naelewa kwa nini: hakuna Rais atakayetaka kukumbukwa kwamba ndiye aliyetia saini ya kuipoteza bahari. Lakini wavuvi wa Kiunga na Kizingitini wanahitaji kujua wakiwa majini wako wapi. Mstari uliopo kwenye ramani ya The Hague na usiokuwapo kwenye ramani ya Nairobi unapita juu ya nyavu za watu.

Rafiki yangu mmoja, tulipokuwa tukibishana haya, aliniambia: unataka nini, tuwe kama Hispania? Alikuwa anakumbuka 2004. Machi 11 treni zililipuliwa Madrid, siku tatu baadaye wakapiga kura, chama kilichopeleka wanajeshi Iraq kikashindwa, na mwezi uliofuata José Luis Rodríguez Zapatero akatangaza kuwaondoa. Kwa rafiki yangu ule ulikuwa woga. Nikamjibu kwamba asiusahau mwanzo wake. Zapatero alikuwa ameahidi kuwaondoa kabla ya mabomu; Wahispania walijua wanachagua nini. Na hakuondoa kila mahali. Afghanistan wanajeshi wake walibaki, kwa sababu kule aliona kuna idhini ya Umoja wa Mataifa na Iraq hakukuwa nayo. Alikata uzi mmoja, akauacha mwingine, na akaeleza tofauti. Mimi sitaki Kenya iondoke Somalia kama Hispania ilivyoondoka Iraq. Nataka ibaki au iondoke kama Zapatero alivyoeleza.

AMISOM ikawa ATMIS Aprili 2022, ATMIS ikawa AUSSOM mwanzoni mwa 2025. Jina la kikosi limebadilika mara mbili. Mei 2023 waziri wa usalama wa wakati ule, Kithure Kindiki, alitangaza kwamba mpaka uliofungwa tangu 2011 utafunguliwa hatua kwa hatua, Mandera kwanza, kisha Liboi, na mwisho njia yetu ya Kiunga na Ras Kamboni ndani ya siku 90. Ziko siku 90 tena. Juni mashambulizi yakaongezeka, watu wakauawa huku Lamu, na Julai akaahirisha. Nilimhurumia, kusema kweli. Aliahirisha, na akasimama akasema kwa nini. Kwa watu wa huku hilo tu lilikuwa jipya.

Mwaka 2027 wagombea watakuja tena. Watapanda jukwaani pale uwanjani, watavalishwa kofia za vito, watakula wali wa nazi. Nimekubaliana na vijana wachache wa mtaani kwetu kwamba hatutauliza habari za bandari kabla ya kuuliza hili: wanajeshi wetu walioko Somalia wanabaki kwa kazi gani, na ni kitu gani kikitokea utajua kazi imekwisha? Akisema wanabaki, tutamsikiliza. Akisema wanarudi, tutamsikiliza. Akisema hilo si la hapa, tutamwonyesha mahali tulipoketi, na ng'ambo yake Manda.

Mwana wa ami sasa ana boti yake, faiba ya futi 23, na anavua usiku. Mwezi uliopita nilitoka naye. Tulipita Pate upande wa nje, upepo wa kusi umetulia, taa za Kizingitini mbali kushoto. Tulipokaribia Kiwayu alipunguza mashine, akageuza usukani bila neno. Mbele yetu maji yalikuwa meusi na matulivu, na samaki, kwa jinsi ndege walivyokuwa wakipiga kelele, walikuwa huko mbele. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia ageuze pale.

Akasema hakuna aliyemwambia. Ndipo babake alipokuwa akigeuza.